MTOTO ANAYEULIZA "KWA NINI?"



Jumapili moja hapa Boga, mwalimu wa watoto alifungua kitabu kidogo cha picha. Kondoo wanafuatana njiani, lakini mmoja mdogo amesimama kando ya mto uliofurika. Mwalimu akauliza: "Huyu ni mkaidi?" Watoto wakaitika wote, "Ndiyo!" Mmoja tu akasema: "Hapana, mwalimu. Yeye ameona maji." Mzee aliyeketi nyuma akamkemea: "Wewe mtoto, wenzako wote wamesema ndiyo!"

Tangu siku ile tunajiuliza: je, mtoto anayefikiri mwenyewe ni mtoto asiyetii?

Ndugu zetu, swali hili si dogo katika Ituri. Katika vita vya 1999 hadi 2003 watoto walibebeshwa bunduki, wengine kwa nguvu, wengine kwa maneno matamu. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa huko La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu hana hatia. Lakini yule anayekuja kuitwa kwa maneno, atajibu nini, ikiwa sisi tulimfundisha neno moja tu, "ndiyo"? Kutoka 23:2 inatukataza kuwafuata wengi katika uovu. Atakatazwaje asiyejua kupima?

Wengine watasema: Maandiko yanawaagiza watoto kutii. Ni kweli, Waefeso 6:1 inasema hivyo, tena inaongeza kwamba ni katika Bwana. Mtoto Samweli alimtii mzee Eli, akakimbia kwake kila alipodhani anaitwa. Lakini Eli hakumwambia, "Nitasikia kwa niaba yako." Alimfundisha kuitika mwenyewe. Asubuhi mtoto akamwambia mzee neno gumu, na mzee akalipokea.

Na sisi tunaoamini unabii tukumbuke 1 Wakorintho 14:29. Nabii anasema, wengine wanapima. Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wanasifiwa kwa hilo. Ikiwa mtume alipimwa, mzazi asikasirike akiulizwa "kwa nini?"

Hapa kwetu tunaye Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Chifu Tabaro alimpinga. Apolo alifungwa, akapelekwa gerezani Fort Portal, na alipoachiliwa alirudi hapa hapa. Chifu yule baadaye alibatizwa, akaitwa Paulo. Inasimuliwa kwamba Apolo, kabla ya kufa mwaka 1933, aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, ili kazi ya Injili iendelee huko. Hakuacha desturi kwa kiburi. Alikuwa na sababu, akaieleza.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Rehoboamu naye alikataa shauri la wazee, lakini hakufikiri mwenyewe: aliwafuata vijana wenzake, na ufalme ukapasuka. Kumwacha mzee ili kufuata kundi la rika si kufikiri. Ni kubadilisha mchungaji tu. Anayefikiri husikiliza kwanza, hupima, kisha hutoa sababu yake kwa heshima.

Basi, akina baba na akina mama, jioni mtoto akiuliza, msimfukuze. Mjibuni. Kama hamjui, semeni, "Mwanangu, tutafute pamoja." Na ninyi watoto, ulizeni kwa adabu, mkubali pia kuonyeshwa mlipokosea.

Mzee yule wa Jumapili ile alirudi juma lililofuata. Alikiomba kitabu, akaitazama picha kwa muda, kisha akamwita yule mtoto mbele ya wenzake: "Mwanangu, uliona vema. Mimi sikuyaona maji."

Mungu atupe wazee wa namna hiyo, na watoto wa namna hiyo. Amina.