Muungurumo na Waya wa Ethi

Mpiga gitaa wa kisa hiki simpi jina, maana wanaofanana naye ni wengi. Mweke katika kwaya yoyote ya Rungwe, kati ya Kiwira na Tukuyu, katika nchi ambayo Wamoravian walifungua misheni mwaka 1891 na ambako uimbaji wa kanisani hauchukuliwi kwa mzaha. Kijana ameuza maparachichi, akaongezewa kidogo na shangazi yake, akanunua vitu viwili: amplifaya kuukuu ya valvu, na kisanduku cha kidijitali cha kukanyaga kwa mguu, kile kinachoiga milio ya amplifaya na spika za kila aina.

Vyote viwili ni vizuri. Valvu ikisukumwa hadi karibu na ukomo wake hutoa sauti nene yenye mkwaruzo unaofuata nguvu ya kidole, na wapiga solo wanaipenda kwa hilo. Kisanduku nacho kinakupa mwangwi na milio mingi bila kubeba mzigo. Shida huanza pale vinapounganishwa bila kujua kipi kinafanya kazi gani.

Mlio aliousikia dukani kwa hedifoni aliupenda sana. Alipochomeka kisanduku kwenye tundu la mbele la amplifaya, gitaa likawa butu, kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Akaongeza sauti kali, akaongeza sauti ya jumla, na kwaya ikaanza kulalamika. Akamwendea fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kisanduku umekiacha kinaiga amplifaya na spika?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi gitaa lako linapita kwenye amplifaya mbili na spika mbili. Spika ya gitaa yenyewe inakata sauti kali; ile ya kuigwa imeshazikata kabla. Zima uigaji wote upande wa amplifaya, bakiza mwangwi tu. Ukitaka kuiga, peleka mlio huo kwenye mixa, maana spika za kanisa hazina tabia ya spika ya gitaa."

Ushauri ulikuwa sahihi. Visanduku vingi vya aina hii vina matundu ya kutokea zaidi ya moja, na vinaruhusu tundu moja lipeleke mlio usioigwa kwenye amplifaya na jingine lipeleke mlio ulioigwa kwenye mixa. Kijana akafanya hivyo na gitaa likafunguka. Lakini ulizuka muungurumo mzito usiokoma, hata akiwa hapigi.

Chanzo chake hakikuwa uchawi wala ubovu wa gitaa. Amplifaya ilichomekwa kwenye soketi ya nyuma, mixa kwenye soketi ya upande wa madhabahu, na kila moja ina waya wake wa ethi. Kisanduku kikaviunganisha kwa waya wa sauti. Hapo ethi ikawa na njia mbili zinazofanya mzunguko, na umeme wetu wa hezi 50 ukaanza kusikika kupitia spika.

Rafiki yake akamwambia akate waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Ni ushauri unaotolewa kirahisi sana kwetu, kwa kuwa tumezoea plagi za pini mbili, na tumezoea kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili zipenye. Akaukata. Muungurumo ukanyamaza papo hapo, wote wakafurahi, na rafiki akaonekana fundi kuliko fundi.

Hapo ndipo pa kusimama tufikiri. Nyuzi za gitaa zimeungana na kava la waya wa sauti, kava limeungana na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi inategemea ethi. Ndani ya amplifaya ile kuna volti 300 au zaidi, na kuna transfoma kuukuu iliyokaa kwenye unyevu. Umeme ukivujia kwenye bodi, waya wa ethi huupeleka ardhini na fyuzi hukatika. Ethi ikikatwa, amplifaya hubaki na njia moja tu: kile kiwaya chembamba kinachokwenda mixa.

Jumapili moja ya Aprili mvua ilikuwa kubwa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sakafu ilikuwa imelowa kwa viatu vya watu. Mtu akachomoa ule waya wa sauti unaotoka kwenye kisanduku kwenda mixa ili apate nafasi ya kinanda. Kuanzia hapo bodi ya amplifaya haikuwa na ethi yoyote. Kijana akashika nyuzi kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, ambayo ina ethi kupitia mixa. Alirushwa chini. Aliokolewa na mwalimu wa kwaya, aliyekimbilia swichi kuu badala ya kumshika.

Kisa hicho nimekitunga, lakini ajali ya namna hii ni ya kweli. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aligusa maikrofoni jukwaani na umeme ukamuua mbele ya watazamaji. Alikuwa na miaka 27. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo ethi yake haikuwa sawa.

Muungurumo una dawa isiyoua. Chomeka amplifaya, kisanduku na mixa kwenye soketi moja au ekstensheni moja yenye pini tatu. Ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, au kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya mlio. Hiyo inakata kava la waya wa sauti tu na haigusi ethi ya umeme. Na maadamu tunazungumzia amplifaya ya valvu: usiiwashe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Usipeleke waya wa spika kwenye tundu la kuingilia la kisanduku. Usiifungue hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme.

Wazee wa kanisa nao nawaomba: kabla ya kununua spika nyingine, mleteni fundi umeme apime ethi ya jengo na afunge swichi ya kukata umeme unaovuja. Ile ya miliampea 30 hukata kabla sekunde moja haijaisha.