Jirani Zetu Wamekamatwa kwa Kosa Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyeiumba ardhi akaitengeza, kisha akamkabidhi mwanadamu iwe ni amana mkononi mwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu! Usiku mmoja katika darsa yetu hapa Bongwe, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: Mtu akikamatwa kwa sababu ametetea maji na bahari ya watu, jee, yatupasa sisi Waislamu kumsemea? Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja alimkata maneno: "Mwanangu, hapa ni msikitini. Siasa iache mlangoni pamoja na viatu vyako." Watu wakacheka. Nami nikainamia kitabu changu, nikaendelea na mlango wa udhu. Kijana akanyamaza.

Usiku ule sikulala vyema. Nalijua ya kuwa swali lile lina jawabu katika Sunna, nami nimelificha mbele ya watu waliokuja kutafuta elimu. Haya niandikayo leo ni deni ninalomlipa yule kijana, na nyinyi wasomaji nawafanya mashahidi wa malipo.

Imam Abu Daud amepokea katika Sunan yake, katika mlango wa hukumu, kwa njia ya Bahz bin Hakim, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubu, akainuka mtu akamwuliza jirani zake wameshikwa kwa kosa gani. Mtume akageuza uso asimjibu, mara ya kwanza na ya pili. Yule mtu hakuvunjika moyo wala hakuketi. Alisema neno lake. Ndipo Mtume alipoamrisha kwamba jirani zake yule mtu waachiliwe.

Izingatieni khabari hii, ndugu zangu. Sisi sote tumefundishwa adabu ya kunyamaza khutba inaposomwa. Na huyu alisimama mbele ya Mtume mwenyewe, naye akihutubu, akauliza khabari za watu waliozuiliwa. Hakuambiwa kwamba amechanganya dini na siasa. Hakuambiwa kwamba yeye si baba yao wala si ndugu yao, basi jambo lao lamkhusu nini. Wala yeye mwenyewe hakushikwa akatiwa pamoja nao. Ameuliza, akarudia, na mwisho wa kuuliza kwake mlango ukafunguliwa. Basi mwenye kusema ya kwamba msikiti si mahali pa kumwulizia aliyefungwa, na atuonyeshe msikiti ulio mtukufu kuliko ule.

Na kwa njia hiyo hiyo ya Bahz imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachilia. Kwa hivyo hatusemi kwamba mwenye mamlaka hana ruhusa ya kumzuia mtu muda wa kuchunguza jambo. Ruhusa anayo. Tusemalo ni kwamba tuhuma si hukumu, na kuzuia kuna mwisho wake. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelieleza jambo hili wazi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu tunachokisoma katika darsa zetu hapa Pwani, imeelezwa kwamba kadhi mpya akishika kazi, jambo la kwanza la kuangalia ni hali ya waliofungwa. Haanzi na mashamba wala mirathi. Na mfungwa akidai kwamba amefungwa kwa dhulma, ni juu ya hasimu wake kuleta hoja. Si juu ya mfungwa kuthibitisha kwamba hana kosa. Kitabu hiki kiliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, nasi twakisoma mpaka mlango wa ukadhi, kisha twakifunga bila kujiuliza ni nani aliye ndani leo.

Sasa natuyatazame mambo yaliyo karibu nasi. Ukivuka kivuko cha Likoni ukapita mjini Mombasa, karibu na Mikindani pana mtaa uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 palianzishwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi wake ukaingia majumbani na maji yake machafu yakapita baina ya nyumba, watoto na watu wazima wakaugua. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, alimpeleka mtoto wake kupimwa, na risasi ikaonekana katika damu yake. Alipowaongoza wenyeji kulalamika, mwaka 2012 alikamatwa, akashitakiwa kwa kuchochea fujo. Mahakama haikumwona na hatia, ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua kwamba wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 mahakama ya rufani ikalivunja agizo hilo, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikalirejesha.

Hesabuni miaka, ndugu zangu. Mtu aliyeitwa mchochezi mwaka 2012, mahakama iliyo juu kuliko zote nchini ilithibitisha mwaka 2024 kwamba watu aliowatetea walidhulumiwa. Miaka 12! Nami najiuliza nafsi yangu kabla sijamwuliza mwingine: siku ile alipotiwa korokoroni, alisimama nani katika misikiti yetu akauliza jirani yetu huyu amekamatwa kwa kosa gani?

Haya ni ya Mombasa. Natugeuke sasa upande wa kusini. Kutoka Msambweni mpaka Vanga, na kutoka Vanga mpaka Tanga, ni bahari moja, na Wadigo wa Kwale na Wadigo wa Mkinga ni watu wamoja, ijapokuwa wazungu walipitisha mpaka kati yao. Huko Tanga, katika rasi ya Chongoleani, ndiko liliko kusudiwa kuishia bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda. Mafuta yakimwagika hapo, Mwenyezi Mungu atuepushe, maji hayatauliza pasipoti yafikapo Vanga. Yataingia katika mikoko na matumbawe ambamo samaki wetu huzaliana.

Kwa ajili ya jambo la mafuta hayo, watu wa Uganda wamekamatwa mara kwa mara. Oktoba 2022 walikamatwa wanafunzi 9 mjini Kampala walipokuwa wakiandamana. Na tarehe 4 Juni 2024, mjini humo humo, alichukuliwa Stephen Kwikiriza, mtu aliyekuwa akifuatilia hali ya wakaazi walio karibu na machimbo ya Kingfisher, ukingoni mwa Ziwa Albert. Katiba ya Uganda yasema mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Zilipita siku tano bila kufikishwa popote, mpaka tarehe 9 Juni alipoachwa kando ya barabara huko Kyenjojo, mbali na Kampala, naye amepigwa. Katika siku hizo watu wa nchi mbali mbali walipaza sauti kuuliza yuko wapi. Sisi tulio kwenye bahari ambako bomba hilo laishia hatukuwa miongoni mwao.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Baqara, aya ya 204 na ya 205, sifa za mtu ambaye maneno yake hupendeza, na akishapata nguvu hupita katika ardhi akafisidi, akaangamiza mimea na vizazi. Mimea na vizazi! Jee, risasi katika damu ya mtoto si kuangamiza kizazi? Basi mwenye kusimama kuuzuia ufisadi huo anakataza munkari, awe amejua neno hilo la Kiarabu au hakulijua. Na mwenye kumfunga kwa kitendo hicho amegeuza mizani juu chini.

Najua ya kwamba wako watakaopinga, na wamekwisha kunipinga hapa kijijini. Nitawajibu kwa adabu.

Wa kwanza asema: Hawa si Waislamu. Jawabu: yule aliyesimama mbele ya Mtume aliulizia jirani zake, kwa jina la ujirani. Na imepokewa kwamba Abdullahi bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza na akakariri kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Ikiwa jirani asiyekuwa Mwislamu ana haki katika nyama yangu, jee, hana haki katika ulimi wangu anapodhulumiwa?

Wa pili asema: Tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka. Jawabu: kweli tumeamrishwa. Lakini kuuliza si kuasi, na yule mtu wa hadithi hakuasi. Tena katiba ya Kenya yenyewe, katika kifungu cha 49, yaamrisha aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Mwenye kuuliza kama sheria imefuatwa ndiye anayeitii sheria.

Wa tatu asema: Viwanda na mabomba huleta kazi, na vijana wetu hawana kazi. Jawabu: sikatai kazi, na huzuni ya kijana asiye na kazi naiona kila siku hapa kwetu. Lakini ikiwa mradi ni wa kheri, basi utastahimili kuulizwa. Mradi usiosimama mpaka mwenye kuuliza afungwe umejishuhudilia wenyewe.

Wa nne asema: Natumsomee halbadiri aliyemdhulumu, yatosha. Ndugu yangu, mwombe Mola wako, kwani dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Lakini yule mtu hakujifungia chumbani na ubani wake akasoma mpaka alfajiri. Alisimama mbele ya watu akauliza. Kutumia kisomo ili kukimbia wajibu si dini. Ni woga uliovaa kanzu.

Basi tufanye nini? Mtu wa kwetu akikamatwa kwa kutetea ardhi, mto au bahari, wasiende mama yake na mkewe peke yao kituoni. Imamu na awe mbele, pamoja na wazee wawili watatu. Waulize kwa upole: yuko hapa? Ameshitakiwa kwa neno gani? Ataletwa mahakamani lini? Majibu yaandikwe, na saa iandikwe. Wakifukuzwa, warudi tena, kama yule aliyegeuziwa uso mara mbili. Siku ya kesi watu wajae mahakamani kwa utulivu. Wasirushe jiwe wala kutukana, kwani jiwe moja humpa dhalimu hoja aliyokuwa akiitafuta. Watoto wa aliyefungwa wasilale na njaa, na karo yao ilipwe kwa mchango wa jamaa. Na jina lake litajwe katika dua kila Ijumaa, lisisahauliwe.

Nasema lisisahauliwe kwa sababu Nabii Yusuf (a.s.) alisahauliwa. Alimwomba mwenzake aliyekuwa akitoka gerezani amtaje kwa bwana wake. Yule akatoka, akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa. Na alipoitwa atoke, hakufanya haraka. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe na usafi wake ujulikane. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, mfungwa huteswa na usahaulifu wa walio nje kuliko kuta zilizomzunguka. La pili, kwa asiye na kosa hatuombi msamaha, twadai haki.

Kwa hivyo neno letu, sisi wa darsa ya Bongwe, kwa kila mwenye funguo za gereza, Kenya, Uganda au Tanzania, ni hili: aliyefungwa kwa kutetea maji, ardhi na bahari ya watu, mfikisheni mbele ya hakimu na hoja zenu mkononi, na kama hamna hoja, mwachilieni arudi kwa watoto wake. Mtume wetu (s.a.w.), aliyekuwa na haki ya kutiiwa kuliko nyinyi, aliulizwa akaachilia.

Na wewe kijana uliyenyamazishwa usiku ule: uliuliza kwa haki, na mwalimu wako alikosea. Ijumaa ijayo baada ya sala uliza tena, nami nitasimama pamoja nawe.

Ewe Mola wetu, wafungulie waliofungwa kwa dhulma, walinde watu wao, uzilainishe nyoyo za wenye kuwazuia, na utusamehe sisi tulionyamaza. Amin. Wabillahi tawfiq.