Kelele za Kandoni mwa Uwanja



Jioni ya Dominika, watu wakiisha kutoka kanisani na kula, vijana wa Bendera huenda kucheza mpira, kama wafanyavyo vijana wa Kongo nzima. Ndani ya uwanja wamo kumi na mmoja upande huu, na kumi na mmoja upande ule. Lakini mwajua vema ya kuwa mchezo hauchezwi na hao peke yao. Kandoni wameketi wengine wakingoja zamu yao ya kuingia, na nyuma yao wamesimama ndugu, rafiki na majirani, na kila mmoja ana kinywa. Wale wangojao zamu ndio wenye makelele kupita wote, kwa sababu miguu yao imekosa kazi. Hupiga madumu, huimba, hurukaruka. Kijana wa upande wa pili akiuweka mpira chini apige penalti, humzomea ili mguu wake utetemeke.

Hapo yazuka maswali mawili ambayo yatufaa tuyafikiri. Kijana anayezomewa aulinde moyo wake kwa njia gani? Naye anayezomea, je, anacheza tu, au anatenda tendo ambalo Mungu atamwuliza habari zake?

Msidhani ya kuwa Kanisa lauchukia mpira. Mwaka 1939 Wabenediktini wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, waliwaanzishia vijana wao timu wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georgi. Ndiyo hiyo ambayo leo yajulikana mbali kwa jina la TP Mazembe. Kule Léopoldville, yaani Kinshasa, Padri Raphaël de la Kéthulle aliwahangaikia vijana awapatie viwanja vya michezo, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 waitwa hata leo Tata Raphaël, jina ambalo watu walimwita. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa mkimbiaji na wa mpiga ngumi. Wala kelele peke yake si dhambi. Kipofu Bartimeo alipaza sauti kando ya njia ya Yeriko. Watu wakamkemea anyamaze, naye akazidi. Bwana wetu hakumkaripia, bali alisimama akaagiza aitwe.

Basi tuanze na huyo anayezomewa.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, ametuachia katika kitabu chake cha Maungamo habari ya rafiki yake Alipio. Huyo alikuwa kijana mwema, akisoma sheria mjini Roma. Siku zile watu wa Roma walikuwa na michezo mibaya ya kuwatazama wanadamu wakiuana kwa silaha. Alipio aliichukia. Siku moja rafiki zake walikutana naye wakitoka kula, wakamkokota kwa mzaha mpaka kiwanjani. Akawaambia kwamba mwili wake waweza kuuvuta, lakini macho yake na roho yake hawatayapata. Akaketi, akayafumba macho kabisa. Ole wake, hakuziba masikio! Mtu mmoja alipoanguka katika mapigano, watu wote walipiga ukelele mkubwa, nao ukampiga Alipio kama rungu. Akafumbua macho ili aone kuna nini, akidhani ataona na kudharau. Alipoiona damu hakugeuza tena uso. Alitazama, akapiga kelele pamoja na wengine, akawaka moto. Na siku zilizofuata alirudi mwenyewe, tena akiwavuta wengine. Baadaye sana Mungu alimwokoa, akawa askofu.

Augustino asema ya kuwa kosa la Alipio lilikuwa kuzitumainia nguvu zake mwenyewe. Hiyo ni kweli. Lakini mimi naona pia jambo lingine katika habari hii. Alipio hakuwa na kitu cha kutazama. Alikuwa na kitu cha kutotazama tu. Nguvu zake zote alizitumia kukataa, na moyo wa mtu haukai katupu kama mtungi. Kijana asimamaye golini akijiambia, "Sitawasikia, sitawasikia," huyo awasikia kuliko wote, kwa maana ameyafungia masikio yake kazi ya kuwalinda hao wazomeaji.

Sasa tumtazame mtu mwingine, ambaye kelele zilizomsumbua zilikuwa ndogo mno. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, mtawa wa Lisieux nchini Ufaransa, alifariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24 tu. Naye Papa Pio XI alimweka mwaka 1927 awe msimamizi wa misioni. Teresia aeleza ya kuwa jioni, katika sala ya kimya, karibu naye aliketi sista mmoja ambaye kila siku alifanya kijisauti cha ajabu. Mwaweza kucheka, lakini Teresia hakucheka. Sauti ile ilimchosha mpaka akatoka jasho. Alitaka kugeuka amtazame yule sista kwa jicho kali, apate kuacha. Hakugeuka. Alijaribu kutoisikia, ikashindikana. Ndipo akafanya kinyume: akaanza kuisikiliza sauti ile kwa bidii, kana kwamba ni muziki mzuri, na sala yake yote ikawa kumtolea Yezu muziki huo.

Aliyefumba macho ashindane na kelele alishindwa. Aliyezipa kelele mahali pake, akazitumia kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi, hakushindwa. Mtu afanyaye kazi karibu na mitambo ya umeme, kama ile iliyojengwa kwetu juu ya mto Kiyimbi, halalamiki kila saa juu ya ngurumo. Yeye ana kazi mikononi, na ngurumo imekuwa sehemu ya kazi hiyo. Mtambo ukibadili sauti kidogo yeye atambua kabla ya mgeni, kwa sababu ajua anasikiliza nini.

Yafaa basi mwalimu wa vijana asiwazoeshe katika kimya tu. Siku za mazoezi awaambie wale wa kandoni wapige madumu na kuimba kwa nguvu zao zote, na mwenzao apige penalti katikati ya vurugu hiyo, mara kumi, mara ishirini. Amfundishe kuchagua sehemu moja ndogo ya mpira na kuitazama hiyo. Amfundishe kuvuta pumzi polepole, kisha kupiga hatua zilezile alizozizoea, bila haraka. Tena wakubaliane mapema ni sauti ya nani itakayofuatwa uwanjani: nahodha mmoja, basi, wala si sauti ishirini. Akikosa penalti, asitafute aliyemzomea. Katika sala pia twafundishwa hivyo: mawazo yakitawanyika bila kutaka kwetu, hatukuanguka dhambini, twarudi taratibu pale tulipokuwa.

Hayo ni ya yule wa ndani. Ya wa nje ni magumu zaidi, nami nitakaa hapo kitambo.

Sheria za mpira zimeona jambo hili, lakini nusu tu. Mchezaji akimvuruga mpinzani kwa maneno, mwamuzi aweza kumwonya kwa kadi ya manjano. Waliomo kwenye benchi nao wako chini ya mamlaka yake, na tangu mwaka 2019 hata mwalimu wa timu na wasaidizi wake waweza kuonyeshwa kadi. Bali mtu aliyesimama nyuma ya kamba, hakuna kadi yake. Yeye hana mwamuzi ila dhamiri.

Naye ana neno la kujitetea, ambalo nimelisikia mara nyingi: "Mimi ni mmoja tu kati ya mia. Nikinyamaza, kelele hazipungui." Kweli hazipungui. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja uleule wa Tata Raphaël, ambao wakati huo uliitwa Ishirini Mei, Wamarekani wawili, Muhammad Ali na George Foreman, walipigana ngumi mbele ya watu wapata 60,000. Watu walimpenda Ali, wakawa wakipiga kelele kwa Kilingala, "Ali, boma ye!" yaani, Ali, mwue. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Kati ya wale waliopiga kelele, ni nani aliyetaka kweli mtu afe? Wachache, au hakuna. Wangekutana na Foreman barabarani kesho yake wangemsalimu. Neno lilikuwa la wote, na kwa hiyo kila mmoja aliliona si lake. Foreman mwenyewe alimgeukia Mungu miaka mitatu baadaye, akawa mhubiri.

Simwiti mtu yeyote wa usiku ule mwuaji, la hasha. Nasema tu ya kwamba kelele za wengi zina hila hii: humpa mtu neno ambalo peke yake asingelisema, na humwondolea aibu ya kulisema. Mbele ya Pilato hapakuwa na mkutano uliokuwa na kinywa kimoja. Palikuwa na watu, kila mtu na koo lake na pumzi yake. Mungu hahesabu makelele kwa jumla, kama mtu apimavyo gunia la mahindi. Yeye ajua kila punje.

Kipimo ni chepesi. Neno ulilomrushia kijana wa upande wa pili, je, ungeweza kumwambia mkiwa wawili tu, asubuhi, mnapokutana njiani kwenda mtoni? Ukimwita mwenzako wa timu jina lake, ukimwambia akaze moyo, neno hilo laweza kusemwa popote. Ukimwambia mpinzani, "Utakosa! Utakosa!" hapo nadhani yategemea umri. Watu wazima waliokubaliana kushindana hawadhuriki sana na hilo, na mara nyingi hucheka baada ya mchezo. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyezungukwa na watu wakubwa wanaotaka aone haya, huyo simwoni kuwa ameshindwa katika mchezo. Ameonewa.

Yako maneno mengine ambayo hayana umri. Mojawapo ni "mchawi". Mwezi wa Septemba 2008, mjini Butembo katika Kivu ya Kaskazini, mchezaji mmoja alishitakiwa katikati ya mchezo ya kuwa anatumia uchawi. Ugomvi ukazuka, polisi wakaingia, watu wakakimbia wakikanyagana, na zaidi ya 10 walikufa. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira.

Neno la pili ni kabila. Hapa sina haja ya kuwapeleka Butembo. Katika jimbo letu la Tanganyika, tangu mwaka 2013, na hasa mwaka 2016 na 2017, Watwa na Waluba waliuana, vijiji vikachomwa moto, watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia kambi za kandokando ya Kalemie. Wako miongoni mwenu ambao wameyaona hayo kwa macho. Basi kijana akikosa mpira, na mtu wa kandoni akapaza sauti na kulitaja kabila lake kama tusi, na wengine wakaitikia kwa kicheko, mtu huyo hajasema jambo la mpira. Ametia kijinga cha moto katika nyasi ambazo bado ni kavu. Atasema alikuwa akitania. Utani wa kweli, ule wa wazee wetu, una watani wake wanaojuana, nao huweza kurudishwa. Kijana aliye peke yake mbele ya watu mia hawezi kurudisha kitu.

Tena fikirini: siku za mafundisho mnaketi naye katika ubao mmoja. Mnajifunza sala zilezile, na mtabatizwa kwa maji yaleyale. Asemapo Imani nawe wasema Imani. Ukiwa kandoni Dominika jioni, kinywa kile ni cha mtu mwingine?

Kwa hiyo naonelea ya kuwa katekista au mwalimu, asikiapo neno la uchawi au la kabila, asingoje mwisho wa mchezo. Na aingie, asimamishe mpira, hata kama timu yake ndiyo inayoongoza. Wengine watanung'unika ya kuwa ameharibu furaha ya watu. Na wanung'unike.

Limebaki jambo moja ambalo akina mama wamenieleza zaidi ya mara moja. Mara nyingine kelele zinazomvuruga mtoto hazitoki kwa adui. Zatoka kwa baba yake, ambaye asimama kandoni na kumwita kila nukta: kimbia, rudi, piga, mpumbavu wewe. Mwalimu asema kushoto, baba asema kulia. Mtoto huyo hatazami tena mpira. Autazama uso wa baba yake. Asiyempenda mwanawe asingejisumbua hivyo, wala sisemi baba huyo ni mbaya. Lakini asikemewe mbele ya watu, kwa maana ataona haya, na haya hiyo atailipiza nyumbani. Mzee mmoja anayeheshimiwa na amngoje mpaka mchezo uishe, watembee pamoja kurudi, wazungumze kwanza habari za shamba. Kisha amwulize kwa upole, "Baba, leo mtoto alikuwa akitazama wapi?" Wako wanaoelewa papo hapo. Wengine hukasirika, hao wasibishiwe, bali waulizwe tena Dominika ijayo.