Weka Chini Hicho Chuma cha Moto!

Wewe wa Louisville, uliyetoka zamu ya usiku ya kubeba maboksi Worldport na mgongo unauma. Wewe wa Columbus, unayekaa huko Northland. Wewe wa Buffalo, West Side, unayehariri video ya kwaya huku theluji inafunika magari nje: nisikilizeni wote! Kadi yenu ya grafiki iko mezani, skrubu zimeshatoka, feni imewekwa kando, na chuma cha kulehemu kinapata moto.

Kiweke chini, ndugu yangu!

Unajua kwa nini nakwambia hivyo. Bei umeziangalia, hesabu umepiga, ukweli umeuona. GTX 1650 yako ina memori ya GB 4, na hakuna bayosi, hakuna volti, hakuna feni itakayoifanya iwe na 8. Unalijua hilo tangu siku ile video ilipokwama katikati ya wimbo. Na bado unasema, "Ngoja nijaribu kwanza." Utajaribu mpaka lini?

Najua kinachokuvuta. Ni hadithi za zamani, na hadithi zenyewe ni za kweli! Mwaka 2002 ATI walitoa Radeon 9700 Pro, kisha wakatoa Radeon 9500 ya bei ndogo kwa chipu ileile, wameifungia nusu ya mifereji yake. Watu wakaifungua kwa programu tu. Desemba 2010 ikaja Radeon HD 6950: wenye subira waliiwekea bayosi ya 6970, na viini 1408 vikawa 1536. Kadi hiyo ilikuwa hata na swichi ya bayosi mbili, ukiharibu moja unarudi kwenye nyingine. Mwaka 2016 baadhi ya RX 480 zilizouzwa kama za GB 4 zilikuwa zimebeba GB 8 kamili, zinasubiri tu kuamshwa.

Lakini tazama, tazama vizuri! Kila mara hazina ilikuwa tayari ndani ya boksi. Kiwanda kiliiweka, kiwanda kikaifunga, mtu akapata ufunguo. Hakuna aliyeumba kitu pale.

Siku hizo zimepita. Kadi za Nvidia za miaka ya karibuni zinakagua saini ya bayosi kabla ya kuikubali. Kilichofungwa leo kimefungwa ndani ya chipu yenyewe, kiwandani. Hata mjanja anayeikwepa saini hapati kiini kipya hata kimoja. Anapata ruhusa ya kuchoma umeme mwingi zaidi. Basi!

Utaniambia kuna mafundi China wanaong'oa chipu za memori za RTX 2080 Ti na kupachika kubwa zaidi, GB 11 ikawa 22. Kweli wapo. Lakini wana mashine ya kung'olea, wana mkono uliozoea, na wameanza na kadi yenye nguvu. Wewe umeanza na nini? Chuma cha bei poa, taa ya jikoni, na kadi iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 149.

Sasa sikia habari ya umeme, maana hapa ndipo hatari ilipo.

Kadi isiyo na waya wake wa pembeni inakula kwenye sloti ya PCI Express, na sloti hiyo imewekewa mpaka: wati 75. Kwenye bodi ya kadi kuna rezista ndogo ya kupimia, mara nyingi imeandikwa R005. Ukiipaka risasi juu yake, au ukiipachikia nyingine mgongoni, kipimo kinadanganyika. Kadi inadhani imekula 75 kumbe imevuka mbali. Ziada hiyo nani anaibeba? Bodi kuu! Pini nyembamba za sloti! Ile pawa saplai ya ofisini iliyokuja na kompyuta ya OptiPlex uliyonunua mtumba!

Na joto? Joto halipandi kwa upole. Pandisha kasi kwa asilimia 10, pandisha na volti kwa asilimia 10, na moto wa chipu unapanda kwa karibu theluthi nzima, kwa sababu volti inahesabiwa mara mbili. Feni ileile! Bati lilelile la kupoozea! Na memori inaendelea kuilisha chipu GB 128 zilezile kwa sekunde, kwa hiyo hata hiyo asilimia 10 yako huipati yote. Umelipa theluthi, umepokea makombo.

Halafu siku moja inakuja ile harufu. Kali, ya gundi iliyoungua. Skrini inakuwa nyeusi, unafungua boksi, unaona doa jeusi pembeni ya chipu za kugawa umeme. Kanda ya kwaya haijamalizika, mwalimu anapiga simu, na waranti uliipoteza usiku ule uliposhika chuma. Na nyumba nyingi za West Side ni za mbao, wapangaji juu, wapangaji chini, watoto wamelala. Huo si wako peke yako, moto!

Jumlisha, nakusihi, jumlisha leo: chuma cha kulehemu, risasi, kipoza kipya, pasta, kifaa cha kuandikia bayosi. Dola hizo umezibebea maboksi usiku kucha. Zilikuwa sehemu ya kadi nzuri, nawe umezitawanya kwenye kadi mbovu!

Sikukatazi kuitunza. Safisha vumbi! Badilisha pasta iliyokauka! Punguza volti, ndiyo, punguza, kadi ipoe na ipumue! Hayo ni matunzo. Lililobaki ni kubisha mlango usio na chumba nyuma yake.

Geuka. Njia ipo.

RTX 4060 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 299: GB 8, wati 115 tu. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina GB 12, nayo kwa mhariri wa video ni neema, ila inataka wati 170, na zote mbili zinataka waya wa umeme. Pima pawa saplai yako kwanza! Kama kompyuta yako ni ile ndogo ya ofisini isiyo na waya huo, ipo RTX 3050 ya GB 6: wati 70, inakaa kwenye sloti bila kuomba chochote. Si shujaa, lakini inakuvusha, na haimdanganyi mtu.

Wa Columbus, huna udhuru kabisa! Duka la kompyuta la Micro Center lilizaliwa mjini kwenu mwaka 1979, na liko Bethel Road. Wa Louisville, lipo tawi upande wa Cincinnati. Unganeni watatu mchangie mafuta. Wa Buffalo, kwenu hakuna, la karibu liko upande wa Cleveland. Agiza, au subiri mtu anayesafiri.

Ukinunua mtumba, fumbua macho. Kuna wezi wanaochukua GTS 450 ya mwaka 2010, wanaiandikia bayosi ya uongo, wanaiuza kwa jina la GTX 1050 Ti. Usitoe pesa kabla hujaiona ikiwaka! Fungua programu ya GPU-Z mbele ya muuzaji, soma jina la chipu, soma memori. Akikataa, ondoka.

Na ile uliyo nayo? Ikiwa nzima ina mnunuzi. Ikishachokonolewa, inabaki na maelezo tu. Usingoje mshahara wa Ijumaa, usingoje likizo, usingoje bei ishuke tena. Zima chuma. Rudisha bati, rudisha feni, rudisha skrubu zote, zote! Iwashe, hakikisha inafanya kazi, ipige picha pande zote mbili, andika hali yake bila kuficha, itangaze usiku huu kabla hujalala. Kuna kijana aliyeingia nchi hii juzi, kompyuta yake haina kadi kabisa, na GB 4 zako ndizo anazozitafuta. Muuzie!