Je, Ni Halali Kuonyesha Kifo cha Mama?

Mwaka 1992 msanii Mmarekani Bill Viola alionyesha katika kanisa dogo la kale mjini Nantes, Ufaransa, kazi ya video na sauti iitwayo Nantes Triptych. Mwaka 1994 kazi hiyo ilinunuliwa na Tate, jumba la sanaa la taifa huko Uingereza, ikawa hazina ya umma. Ni picha tatu zinazokwenda sambamba kwa karibu dakika 30, zimepangwa kama picha za madhabahuni za makanisa ya Ulaya ya zamani. Kushoto, mwanamke kijana anajifungua. Katikati, mtu aliyevaa nguo anaelea ndani ya maji, mara ametulia, mara anatikiswa. Kulia, mama mzee amelala kitandani, hajitambui, anakaribia kufa. Chumba kinajaa kilio, sauti ya maji na pumzi. Mama huyo ndiye aliyemzaa msanii.

Hapo ndipo swali linapotukamata. Mtu asiyejitambua hawezi kukubali wala kukataa kupigwa picha. Je, mwana ana haki ya kuwaonyesha wageni uso wa mama yake katika saa ile?

Maandiko yanatupa kipimo katika Mwanzo 9. Nuhu alilala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao. Tuangalie vizuri: wote watatu walijua hali ya baba. Tofauti yao ni walichofanya baada ya kujua. Mmoja alitoka na habari. Wawili waliingia na nguo.

Kwa kipimo hicho ni rahisi kumhukumu Viola. Lakini kuficha kifo nako kunaweza kuwa uongo. Mariamu alisimama karibu na msalaba, hakugeuza uso. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanateolojia wa msalaba huliita jambo kama lilivyo. Mwaka uliofuata, katika mahubiri yake kuhusu kujiandaa kufa, alikifananisha kifo na kuzaliwa: mtoto hupita njia nyembamba, yenye hofu, kutoka tumboni hadi kwenye ulimwengu mpana, na Mkristo vivyo hivyo hupita mlango mwembamba wa kufa. Viola hakuwa akihubiri Injili. Alijifunza pia kwa Wabuddha wa Zen na kwa Masufi. Hata hivyo ameiweka milango hiyo miwili ukutani, na maji katikati. Sisi tuliobatizwa katika mauti ya Kristo tunaweza kuyasoma maji hayo kwa namna yetu.

Basi, ni Hamu au ni Shemu? Naona kwamba kazi hii haimcheki mama wala haimfanyi kichekesho. Inamweka kando ya uzazi, ili anayemtazama akumbuke kwamba naye alizaliwa na naye atakufa. Huo ni utazamaji wenye heshima. Lakini heshima ya mwana si idhini ya mama. Deni hilo linabaki, na uzuri wa sanaa haulilipi.

Jambo hili si la wasanii peke yao. Leo kila mmoja ana kamera mfukoni. Mgonjwa mahututi, mwenye mipira puani, hupigwa picha, na kabla ya jioni amefika kwenye makundi ya WhatsApp, katikati ya salamu na utani. Tunasema tunaomba maombi. Maombi hayahitaji picha; yanahitaji jina, na Mungu analijua hata hilo kabla hatujalitaja.

Mpendwa msomaji, wazazi wetu wangali na midomo ya kusema. Tuwaulize sasa: mama, siku ile utapenda nani awe karibu? Utapenda nini kionekane, na nini kifunikwe? Ni mazungumzo magumu, lakini amri ya kuwaheshimu baba na mama haikomi wanapopoteza fahamu. Na saa yenyewe ikifika, mikono yetu ina kazi moja kubwa: kuushika mkono wake. Mkono ulioshika simu hauwezi kuifanya vizuri.