Mwili Ulioachwa kwa Mwanafunzi

Hekalu la Chion-ji, mjini Kyoto, linamiliki picha ya hariri ya kutundikwa ukutani. Aliichora Yan Hui, Mchina wa zama za Yuan, na wachoraji wa Japani wakamfuata kwa karne nyingi. Mzee mwenye matambara amekaa juu ya jiwe, fimbo mkononi, macho kayainua. Pumzi inamtoka kinywani, na kwenye ncha yake kuna kijitu kidogo chenye fimbo vilevile, kinapaa. Kijitu hicho ni roho yake. Wajapani humwita Tekkai, mmoja wa wasiokufa katika masimulizi ya imani ya Dao.

Inasimuliwa kwamba alipokwenda kumwona mwalimu Laozi, roho ilisafiri na mwili akamwachia mwanafunzi. Ulinde siku 7, alimwagiza, nisiporudi, uchome. Siku ya 6 ikaja habari kwamba mama wa kijana yu mahututi. Kijana akauchoma, akakimbilia kwao. Roho iliporudi ilikuta majivu. Jirani na hapo ilikuwapo maiti ya ombaomba kiwete. Ikaingia humo, na ndiyo maana Tekkai anachechemea.

Simlaumu kijana kwa kumpenda mama yake. Lakini siku moja tu ilikuwa imebaki, naye hakumtafuta mtu wa kumshikia zamu. Hapo ndipo nawakumbuka Waluba wa Kamina, nchini Kongo (DRC), ambao kumbukumbu zao nazo zahitaji mlinzi.

Wao walikuwa na lukasa, ubao wa kushikwa mkononi, uliojaa shanga na makombe. Mzee wa Mbudye, chama cha watunza historia, aliushika kwa mkono wa kushoto, akapapasa kwa kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia. Kidole kikitua, habari inatoka: ujio wa mwindaji Mbidi Kiluwe, shimo la mikuki ambalo mfalme Nkongolo alilifunika kwa mkeka ili mpwa wake, Kalala Ilunga, atumbukie akicheza, mpiga ngoma aliyemwonya Kalala kwa mdundo.

Lukasa mojawapo iko katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York. Mti wake umetunzwa vizuri, na nashukuru kwa hilo. Ila shanga zilezile zilisomwa tofauti kadiri ya msomaji na shughuli, kwa hiyo hakuna maandishi ya kubandika kando yake yatakayotosha. Kuzisoma kulifundishwa kwa waliopanda ngazi za juu za Mbudye tu.

Kamina ni njia panda ya reli. Vijana wanaondoka kwenda Lubumbashi kutafuta maisha, na sababu zao ni za haki kama ile ya mama mgonjwa. Nendeni. Lakini kabla ya kupanda treni, mwiteni mdogo wenu aketi na babu, naye aanze kuuliza: ile shanga kubwa ni nani, na njia ile inaelekea kwa nani?