Haruni Hakujishonea Joho

Somo: Kutoka 28 na 29, Ezekieli 44

Fungueni Kutoka sura ya 28. Najua wengi wetu huiruka, kwa kuwa ni sura ya nguo tangu juu hadi chini: kitani, nyuzi za buluu, mkanda, kilemba, vito na kengele. Mungu aliyeumba mbingu na nchi anakaa na Musa mlimani, na katika mambo anayomwagiza ni jinsi pindo la joho litakavyoshonwa. Leo tusiiruke. Ninalo neno juu ya sare, nalo nawaletea ninyi wa Fort Ternan, Chilchila, Kipkelion na Londiani, hasa ninyi mnaofanya kazi ya kuokoa roho barabarani.

Mtaniuliza, sare za ambulensi zinahusiana nini na madhabahu? Niwajibu kwa tarehe mbili. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilitoka barabarani hapa kwetu, pale Tunnel, likabingirika mtelemkoni, paa likang'oka. Zaidi ya watu 50 walikufa, watoto wakiwamo. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilikosa mwelekeo pale Londiani Junction likavamia magari, wachuuzi na watu waliosimama kando ya barabara. Roho 52 zikapotea. Kanisa linaloishi kando ya barabara kama hii haliwezi kuhubiri juu ya mbinguni tu. Barabara nayo ina mahubiri yake, na kila mara inatuuliza: nani atafika, naye atakuja na nini?

Mnajua ajali ya usiku ilivyo. Mwenye kuokoa, mwenye kutazama na mwenye kupekua mifuko ya majeruhi wote wanafika mbio, wote wanapiga kelele, wote wanainama juu ya mtu yule yule. Aliyelala chini, mguu umevunjika na damu machoni, hana nafasi ya kumwomba mtu cheti. Anaangalia nguo. Katika dakika ile, sare ni ahadi aliyopewa mgeni asiyeweza kuihakiki. Ole wake anayeivaa ahadi hiyo asiitimize! Na ole wetu sisi tunaomwacha mtu aitimize bila nguo, bila mafunzo na bila sheria ya kumlinda!

Hilo ndilo neno langu: sare ni deni. Anayeivaa anadaiwa, na aliyemvika anadaiwa pia.

Kwanza: joho lilibeba majina

Tazameni mabega ya Haruni. Mungu aliagiza mawe mawili, kila moja lichorwe majina sita ya wana wa Israeli. Kisha kifuani kikawekwa kifuko chenye vito 12, kila kabila na kito chake. Reubeni mzaliwa wa kwanza hakupewa mawe mawili, wala Benyamini mdogo hakuachwa nje. Kuhani alipoingia mahali patakatifu, aliingia na watu wote mabegani na wote moyoni. Vazi lile lilipendeza, ndiyo, lakini uzuri wake ulikuwa mzigo.

Sisi watu wa bonde hili tunalielewa somo hili kwa machungu. Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, palichomwa nyumba hapa, na watu wakakimbilia hata kwenye boma la watawa wa Kipkelion kutafuta mahali pa kulaza watoto. Swali lililoua siku zile lilikuwa swali la jina: wewe ni wa wapi? Miaka 10 baadaye basi la abiria wa magharibi likaanguka katika bonde lile lile, na mikono iliyowavuta kutoka kwenye vyuma haikungoja kusoma vitambulisho. Mungu alitupa nafasi ya kujibu swali lile upya. Wewe uliyevaa sare ya dharura, mabegani mwako kuna makabila yote. Siku utakapochagua ni nani wa kuanza naye kwa sababu ya lugha anayolilia, vua shati hilo ulirudishe, maana si lako tena.

Na jina lako mwenyewe lionekane. Haruni alijulikana. Mgonjwa ana haki ya kujua ni mkono wa nani unaomchoma sindano, na mama wa mtoto ana haki ya kujua amshukuru nani au amlalamikie nani. Beji iliyogeuzwa nyuma au kufichwa chini ya sweta ni mwanzo wa uzembe.

Pili: joho lilikuwa na kengele

Kwenye pindo palishonwa kengele za dhahabu, ili Haruni asikike aingiapo na atokapo, asije akafa. Angalieni huruma ya Mungu: alitaka mtumishi wake ajulikane alipo, kwa usalama wa mtumishi mwenyewe. Ni wangapi wamekwenda kuokoa kwenye kona, wakagongwa na gari la pili?

Lichukueni jaketi la kazi mkononi mlitazame vizuri. Mchana ile mikanda ya kijivu haina mvuto wowote, utadhani ni utepe wa fundi. Imulike kwa taa ya gari usiku: inawaka nyeupe, imezunguka kiuno, imezunguka mikono, na miwili imepanda mabegani. Ile ya mabegani ina kazi yake. Mhudumu hutumia muda mwingi ameinama, na dereva anayekuja huona mgongo na mabega kabla hajaona uso. Mikanda ikishapasuka kwa kufuliwa, au ikizibwa na matope ya Kericho, kilichobaki ni nguo ya njano tu. Bosi anayesema jaketi lingali zima kwa sababu halijatoboka, hajawahi kusimama kwenye kona saa kumi usiku.

Ninyi vijana wa boda boda, sheria inawataka mvae kofia ngumu na jaketi la reflekta. Wengi huwa mnalikunja chini ya kiti mpaka muone askari. Jamani! Ninyi ndio mnaofika ajalini mapema, mara nyingi kabla ya ambulensi yoyote. Lile jaketi halikuwekwa kwa ajili ya askari.

Lakini kengele ni lazima iseme kweli. Mnajua msalaba mwekundu ulikotoka: ni alama iliyokubaliwa na mataifa kule Geneva mwaka 1864, ili aliyejeruhiwa vitani na anayemhudumia wasipigwe risasi. Hapa kwetu Chama cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na nembo ile inalindwa kisheria. Hata hivyo utaikuta imepakwa kwenye vibanda vya dawa na magari ya kila aina, kana kwamba ni rangi ya kuita wateja. Hayo ni kulitaja bure jina la rehema. Na king'ora kinachopigwa ili mkubwa awahi mkutano ni ushahidi wa uongo. Kila kikipigwa hivyo, dereva mmoja zaidi anajifunza kutopisha, na siku mama mwenye uchungu wa kuzaa atakapokuwa ndani, njia haitafunguka.

Iko pia ile nyota ya buluu yenye ncha sita, iliyobuniwa Marekani mwaka 1973, ambayo wahudumu wengi duniani huivaa begani. Kila ncha ni wajibu mmoja: kutambua ajali, kutoa taarifa, kufika, kutibu pale pale, kutibu njiani, na kumkabidhi mgonjwa hospitalini. Ncha ya sita ndiyo inayotuhukumu Kenya. Mwaka 2015 majeruhi mmoja jijini Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi, akazungushwa hospitali hadi hospitali, na mwishowe akafa. Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari, na kifungu cha 43 kilikuwa kimeshasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kukaza: matibabu ya dharura huanzia kabla ya mlango wa hospitali, na kumkataa mgonjwa wakati uwezo upo ni kosa. Muuguzi wa zamu, mhudumu anapokufikia na machela, msikilize. Anakueleza saa aliyoumia mgonjwa, jinsi alivyoumia, mahali palipoumia, hali aliyomkuta nayo na alichomfanyia. Usimwambie aweke pale asubiri. Ametoka na roho ya mtu mikononi, naye anakukabidhi.

Tatu: Haruni hakujishonea

Hapa nawageukia wakubwa. Dhahabu na kitani vya joho lile vilitoka wapi? Vilitoka katika sadaka ya watu. Nani alishona? Mafundi waliojaliwa ujuzi. Na Haruni alipokwisha kuvikwa, je, alikimbilia kazini? Hapana! Alikuwa ameoshwa kwa maji kabla ya kuvikwa, kisha akapakwa mafuta, akakaa siku saba mlangoni pa hema, na siku ya nane ndipo alipoanza kuhudumu. Joho bila zile siku saba lingekuwa maigizo.

Nchi yetu imejaribu kuanza na nguo. Februari 2004 sheria za Waziri Michuki zilileta sare na beji kwa madereva na makanga, mikanda ya abiria na vidhibiti mwendo. Tulishangilia, na kwa haki. Lakini sare zilibaki, nidhamu ikachakaa, na basi la 2018 lilianguka miaka 14 baada ya sheria zile. Shati halishiki usukani.

Kwa hiyo usimvishe kijana jaketi lililoandikwa mgongoni kwamba ni mhudumu wa dharura, kisha umpe gari lisilo na oksijeni, glavu za kuhesabu na semina ya asubuhi moja. Hujampa cheo, umemtuma kwenda kuaibika mbele ya maiti. Daktari ana baraza lake la kisheria. Muuguzi analo, mfamasia ana bodi yake. Wahudumu wa ambulensi wameililia kwa miaka mingi sheria yao mahususi, ya kuwasajili, kuwapima na kuwawajibisha. Waheshimiwa wa kaunti na wa Bunge, hiyo ndiyo sadaka ya kitani tunayowadai.

Na msiniambie vijana wetu hawafai. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mgonjwa wa dharura mara nyingi alibebwa na gari la polisi au la mazishi. Vijana weusi wa mtaa wa Hill District, ambao watu walisema hawaajiriki, wakafundishwa na Daktari Peter Safar na wenzake chini ya huduma iliyoitwa Freedom House, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa ambulensi waliofunzwa kikamilifu nchini humo. Daktari Nancy Caroline, aliyewaongoza baadaye, alikuja Nairobi miaka ya 1980 kufanya kazi na shirika la afya la AMREF. Lakini sikilizeni na mwisho wake. Mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake lenyewe, Freedom House ikafungwa, na wengi wa vijana wale wakasukumwa nje. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na sare, hawakuwa na ulinzi. Heshima isiyoandikwa katika sheria hunyang'anywa mchana kweupe.

Nne: joho lilivuliwa

Ezekieli anaagiza makuhani watokapo kwenda kwa watu wavue mavazi ya huduma, wayaache katika vyumba vitakatifu, wavae mengine. Mhudumu, sikia! Shati lililoshika damu na matapishi usiingie nalo sokoni kununua sukuma, wala usimpakate nalo mwanao. Hospitali zinapaswa kuwa na mahali pa kubadilishia nguo na pa kuzifulia. Kuzipeleka kwa mkeo azifue kwenye beseni moja na nepi za mtoto ni hatari.

Kuvua kuna maana nyingine pia. Usiku wa ajali ukipita, mtu aliyefunika nyuso za wafu anahitaji kuketi awe baba, awe dada, awe mwana. Tusimdai awe shujaa akiwa mezani kwake. Wazee wa kanisa, mwulizeni hali yake. Akilia, mwacheni alie.

Mwisho nawaambia hivi. Mchuma chai wa Kericho hafungi aproni ya plastiki kujipamba; anaifunga kwa kuwa majani yana umande na kazi inamngoja, na hakuna anayempigia makofi. Vaeni ninyi hivyo hivyo. Kijana wa boda boda, litoe jaketi chini ya kiti, ujifunze kuzuia damu na kutomkunja aliyeumia mgongo. Mhamasishaji wa afya ya jamii, begi ulilopewa lisikae kabatini. Mhudumu wa ambulensi, kagua gari kabla ya zamu, geuza beji isomeke. Diwani, weka fedha za mafunzo kwenye bajeti kabla ya fedha za jaketi lenye sura yako. Nawe mshirika wa kanisa hili, mafunzo ya huduma ya kwanza yakitangazwa, jiandikishe. Usiseme Bwana atatuma mtu. Barabara ile inapita mbele ya mlango wako. Aliyetumwa ni wewe.

Amina.